Gold Wing ya zamani au ya juzi juzi? GL1500 na GL1800 kwa mtu wa Kigoma

Jamaa yangu mmoja wa Kigoma, mtu wa dagaa pale Kibirizi, hatimaye kajipanga kununua pikipiki kubwa ya safari na sasa anazo picha za mbili kwenye simu, moja ni Honda Gold Wing GL1500 ya 1997 iko Arusha, mwenyewe anahama nchi anataka iondoke, nyingine ni GL1800 ya 2008 imeshushwa Dar kutoka Japani. Bei hazijapishana kihivyo. Ananiuliza mimi niliyeko Tabora achukue ipi, nami nimeona bora niandike yote kwa mpigo kwa sababu hayuko peke yake, kila anayetaka pikipiki ya namna hii huku magharibi anaambiwa maneno yale yale, "chukua ya zamani, hiyo mpya fundi wetu hataiweza". Mi naona ushauri huo una ukweli nusu tu, na ile nusu nyingine ndo inayolaza watu Kaliua.

Kwanza tuzijue. GL1500 ilitoka 1988 ikaisha 2000, injini cc 1520, silinda sita zimelala tatu kushoto tatu kulia, kabureta mbili. GL1800 ikaipokea 2001 ikaenda na umbo lile lile la msingi hadi 2017, cc 1832, silinda sita vile vile ila mafuta yanaingia kwa injeksheni. Zote zinapozwa kwa maji, zote zinaendeshwa na shafti kwa hiyo habari za cheni na sproketi zisahau, zote zina rivasi, na zote zikiwa na mafuta ziko kwenye kilo 400 hivi. Nguvu ni kama farasi 100 kwa ile ya zamani na 118 kwa hii nyingine, na hapo sitapoteza muda maana barabara zetu ni hamsini vijijini na tochi kwenye kila kona, hakuna mtu atakayekuja kulalamika kwamba GL1500 haina mbio kati ya Igunga na Shelui.

Sasa kosa la wengi ni kuanza na kilometa. Injini hizi haziuliwi na kilometa, ukiibadilishia oili na maji ya rejeta kwa wakati inakwenda mpaka uichoke wewe. Halafu ile ya Arusha asili yake Marekani, GL1500 zilitengenezwa Marysville kule Ohio, na dashibodi inasoma maili, kwa hiyo ile elfu 61 anayoisifia muuzaji ni kama kilometa elfu 98. Sio nyingi kwa Gold Wing, ila muuzaji aseme maili basi, asiache mtu ajijazie.

Kinachozeeka ni mpira. Hapo ndo ya 1997 inapoanza kuachwa nyuma hata kama inang'aa. GL1500 ina mikanda miwili ya taiming (ile inayozifanya valvu zifunguke kwa wakati sahihi na pistoni), ya mpira, na ukikatika mmoja wakati injini inazunguka valvu zinakutana na pistoni, hapo umemaliza, hakuna fundi wa Cheyo hapa Tabora wala wa Mwanga ya Kigoma atakayekuokoa. Na mkanda hauzeeki kwa kilometa peke yake, unazeeka kwa miaka ukiwa umekaa kimya bandani. Kwa hiyo swali la kwanza kwa yule wa Arusha sio "inatembeaje", ni "mikanda ilibadilishwa lini na risiti iko wapi". Kama hana risiti hesabu haijabadilishwa, toa gharama hiyo kwenye bei kabla hujaongea lingine. GL1800 inatumia cheni za taiming ndani ya injini, hilo suala halipo kabisa, na kwangu mimi hiyo tu ni sababu nzito kuliko mapambo yote.

Mpira sio mikanda tu. GL1500 imejaa mipira midogo ya vakyumu chini ya lile tangi la uongo (tangi la kweli liko chini ya siti, pale juu ni plastiki), kuna mipira ya rejeta, kuna buti za kabureta, kuna sili za shokapu za nyuma ambazo zinajazwa upepo na kompresa yake yenyewe. Hii ya kompresa ni raha sana kuionyesha kwa watu, unabonyeza kitufe matako ya pikipiki yanapanda, ila ndo mtihani mzuri pia: mwambie muuzaji aijaze upepo jioni asome geji, asubuhi asome tena kabla hajaigusa. Ikishuka sana sili zimechoka. GL1800 imeachana na upepo, ugumu wa springi ya nyuma unaurekebisha kwa kitufe, haidrolika, na inakumbuka seti mbili, moja ukiwa mwenyewe na moja ukiwa na mama watoto.

Haya, turudi kwenye hoja ya fundi. Ni kweli fundi wetu anajua kabureta, amekulia kwenye boxer na Toyota za zamani. Lakini kabureta za GL1500 sio za boxer, zimefukiwa katikati ya injini na mabomba na waya, kuzitoa tu ni shughuli ya siku, na kuzirudisha bila kusahau mpira mmoja wa vakyumu ni shughuli nyingine. Na pikipiki kama hizi zina tabia ya kukaa, mtu anaiendesha Pasaka na Krismasi, petroli inakauka ndani ya kabureta inaacha gundi, siku unataka kwenda Mwanza inakohoa silinda mbili hazifanyi kazi. Injeksheni nayo ikikaa sana inachukia, pampu ina mipaka yake, ila inavumilia kukaa kuliko kabureta, hilo kila aliyewahi kumiliki gari za aina zote mbili analijua.

Na hii habari kwamba mpya bila kompyuta haitengenezeki, kwa GL1800 inatiwa chumvi. Mfumo wa Honda ukiona sensa imeharibika unawasha taa ya FI kwenye dashibodi, na taa hiyo inapepesa kodi, pepesa ndefu ni kumi na fupi ni moja, unahesabu unaangalia kwenye kitabu cha ufundi unajua ni sensa gani. Fundi mwenye macho na multimita anaweza. Asichoweza ni kuipata hiyo sensa Kigoma mjini, lakini hata mpira wa kabureta ya GL1500 hatauona Kigoma mjini, vyote vinatoka nje, vyote vinapitia Dar, vyote vinakuja na basi. Tofauti ni kwamba kwa GL1500 kuna vitu Honda wenyewe wameacha kutengeneza, unaishia kwa watu wanaouza spea za kukata. Bahati nzuri Gold Wing ina wapenzi wengi duniani kwa hiyo spea za kukata zipo, ila unangoja.

Kuna kitu kimoja ambacho ya zamani inashinda kweli kweli na nisipokisema sitakuwa nimetenda haki. Valvu za GL1500 zinajirekebisha zenyewe kwa haidrolika, hazihitaji fundi milele. Za GL1800 zinatakiwa kukaguliwa, sio mara kwa mara, ni kila kilometa elfu 50 na kidogo, lakini ikifika hapo inahitaji mtu anayejua kupima, sio kubahatisha. Kwa mtu wa Kigoma kilometa elfu 50 ni miaka mingi, kwa hiyo mi sioni kama inabadilisha uamuzi, ila ipo.

Filta ya hewa nayo. Vumbi letu mnalijua, lile jekundu la Urambo na lile la Uvinza linaloingia hadi kwenye saa ya mkononi. Kwenye GL1800 kuifikia filta lazima ufungue plastiki nyingi za juu, vile vipini vya plastiki vikivunjika kimoja tu kava la juu linaanza kulia safari nzima. Kwenye GL1500 nako sio jirani, ila ni afadhali kidogo. Ukiishi huku usisubiri kilometa za kitabuni, fungua mapema.

Tairi ndo kilio cha wote na hapa hakuna mshindi. GL1500 nyuma inavaa 160/80-16, GL1800 nyuma 180/60-16, mbele zote 130/70-18, na saizi hizo usitegemee kuzikuta dukani Tabora wala Kigoma. Lazima uagize, na uagize kabla hazijaisha maana zikiisha pikipiki inageuka sanamu. Watu wananunua hizi pikipiki tairi zikiwa na kashata nzuri tu, kumbe ni za miaka kumi zimekauka. Angalia ubavuni kwenye alama ya DOT, tarakimu nne za mwisho, ikiandikwa 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014. Nimeona mtu anabishana na muuzaji kuhusu mikwaruzo ya plastiki nusu saa nzima bila kuinama kuangalia hizo namba nne. Uzuri zote ni tyublesi, zile kamba nyeusi za kuzibia pancha na pampu ndogo ya betri vinakutoa porini, vibebe viwili viwili.

Barabara. Hapa niwe mkweli, hakuna Gold Wing iliyozaliwa kwa ajili ya tope. Tumbo liko sentimita kama 12 au 13 kutoka ardhini. Tabora kwenda Nzega ni lami, Tabora kwenda Itigi na Manyoni mpaka Dodoma lami, Kigoma kupitia Kidahwe hadi Uvinza lami, ila kile kipande cha Uvinza na Malagarasi kimesumbua watu miaka na miaka, na kwenye daivesheni wakati wa masika pikipiki ya kilo 400 ikikulalia haiinuki kama boxer, inalala kama ng'ombe aliyegoma mnadani, mnahitajika watu wazima wawili wanaojua pa kushika. Zote mbili zina vyuma pembeni vya kuikinga isilale kabisa, hivyo plastiki zinapona, mgongo wako sijui. Ukiwa na shaka na njia pakia kwenye behewa la mizigo, reli imefika Kigoma tangu 1914 na bado ni njia ya heshima ya kuisafirisha.

Kwenye kuendesha hali mbaya ya namna hiyo GL1800 ina faida, fremu yake ni ya alumini na ngumu, kwenye mwendo wa pole haiyumbi sana, na breki zake zimeunganishwa mbele na nyuma, nyingine zina ABS (inayozuia gurudumu lisifunge ukikanyaga breki kwa nguvu), ila sio zote kwa hiyo usidhani, uliza. GL1500 pedali ya mguu inakamata nyuma na diski moja ya mbele, mkono unakamata ile diski nyingine. Ukiizoea haina shida, ila anayetoka pikipiki ndogo anakanyaga breki ya mguu kwenye mchanga anashangaa tairi la mbele nalo linashika.

Rivasi zote zinatumia nguvu ya stata, kwa hiyo betri ikichoka rivasi haipo. Ijaribuni mkiwa mahali pana mteremko kidogo, sio pale kwenye simenti ya uani.

Mizigo, hili nalisema kwa sababu huyu jamaa yangu ameshaanza kuongelea kubeba mawese. Mabegi yale matatu yanadanganya. Uzito unaoruhusiwa, watu pamoja na mizigo, uko chini ya kilo 200, wewe na mkeo mkiwa themanini themanini mmeshamaliza 160, kinachobaki ni nguo na dagaa za zawadi. Dumu la lita 20 halikai popote na usijaribu kulifunga kwa mpira pale juu ya begi la nyuma.

Mafuta, ya zamani inakwenda kama kilometa 14 au 15 kwa lita ukiwa mpole, hii nyingine haipishani sana, tangi la GL1800 ni lita 25 na ndo linakupa pumzi nzuri, unatoka Tabora unafika Manyoni bila kuwaza kituo. Usinunue mafuta ya chupa za barabarani kuziweka humu, hilo liko wazi.

Redio, maana najua ataiuliza. Ya Arusha ina kaseti, jamani, kaseti. Ya Dar imetoka Japani, na redio za Japani zinaishia kwenye FM 90 hivi, sisi stesheni nyingi ziko juu ya hapo, kwa hiyo kama ilikuwa ya soko la ndani utasikiliza mluzi kuanzia Kigoma mpaka Singida, kama tulivyoteseka nazo kwenye gari za huko. Na kama ina navi, iko kwa Kijapani na ramani ni ya kwao. Weka spika ya bluetooth ya helmeti, yaishe.

Ushuru, ile ya Arusha ina namba za hapa tayari kwa hiyo ni kubadilisha kadi tu, hakikisha jina la kwenye kadi ndo la anayeuza na namba ya chesisi iliyogongwa kwenye shingo ya fremu inalingana, piga picha zote mbili. Ile ya Dar muulize anayeuza kama bei ni pamoja na ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18 na usajili, au ni bei ya "bado kidogo tu". Hiyo "bado kidogo" ndo inayokula hela za tairi.

Kuna wanaouliza kwa nini asikazane aende kwenye mpya kabisa, ile ya 2018 kuja huku. Ni pikipiki nzuri kuliko zote hizi, imepungua kilo nyingi, ile isiyo na begi la juu iko kwenye 365, mbele ina shokapu ya mikono miwili kama ya gari, nyingine zina gia saba za kujibadilisha zenyewe, funguo ni ya kukaa mfukoni tu. Hapo hapo kwenye funguo ndo nasimama. Ukiipoteza ziwani Kigoma utampigia nani? Tangi nalo wamelipunguza hadi lita 21. Kwa mtu wa Dar sawa. Na zile za nyuma ya GL1500, yani GL1200 ya miaka ya themanini, sitaki hata kuzianza, zile koili ya kuzalisha umeme ikiungua inabidi ushushe injini nzima, wakati GL1500 ina alternata ya nje inafunguliwa kama ya gari.

Nyingine ambayo ningeitaja ni kama barabara yako kubwa ni ya changarawe, mfano mtu wa Kibondo ndani ndani au wa Sikonge anayeingia vijijini kila wiki, huyo aachane na Gold Wing zote aangalie BMW R1150GS ya 1999 hadi 2004, inapozwa kwa hewa na oili, haina rejeta ya maji ya kutobolewa na jiwe, imeinuka. Ila hiyo ni stori nyingine na ni pikipiki nyingine.

Kwa hiyo kwa jamaa yangu mimi nasema achukue ya Dar, GL1800, kwa sababu yeye ni mtu wa biashara, hana muda wa spana, anataka awashe Jumamosi aende Kasulu arudi. GL1500 ningempa mtu anayependa kushika spana mwenyewe, ana banda kavu, na hajali pikipiki ikikaa mwezi juu ya stendi ikisubiri kifurushi. Huyo akipata ya Arusha yenye risiti ya mikanda na mipira mipya atacheka miaka mingi, na ninavyoona bei yake inabidi ishuke sana kuliko ilivyo sasa, wauzaji wa zamani wana tabia ya kuuza kumbukumbu zao.

Lakini hiyo ya Dar nayo sio ya kulipa kwa picha. Aende, aiendeshe dakika ishirini kwenye foleni, kisha aiweke stendi ya kati aweke fri azungushe gurudumu la nyuma kwa mkono. Likiwa zito au diski ina joto la kuunguza, aulize, maana GL1800 ziliwahi kuitwa na Honda zirudi kurekebishwa kwa sababu breki ya nyuma ilikuwa inabaki imeshika. Akikuta ina eabegi, za 2006 hadi 2010 nazo ziliitwa kule Marekani kwa ajili ya inflata (kifaa cha kuijaza eabegi) za kampuni ya Takata, aulize kama ilibadilishwa. Aangalie taa ya FI inawaka na kuzima anapofungua swichi, isipowaka kabisa ujue kuna mtu ameitoa balbu. Apime volti kwenye betri injini ikinguruma kidogo, iwe kumi na tatu na nusu kwenda juu. Asikie rivasi. Akague maji ya rejeta yasiwe na rangi ya kutu.

Na leseni, kaka. Ile A1 wanayotembelea bodaboda mwisho wake ni cc 125, wewe unatakiwa uwe na daraja A kamili, ishughulikie kabla hujapanda basi la kwenda Dar kwa sababu hutairudisha Kigoma kilometa zaidi ya elfu moja na mia mbili bila kusimamishwa na trafiki hata mmoja, kila atakayeiona atataka kuiangalia, na akishamaliza kuiangalia ataomba leseni.